Kwa nini orodha ya unga ilichelewa

Ndugu wasikilizaji, na ninyi familia mliohama makwenu mkafika kwetu Koni, niliyezuia orodha ya unga wiki hii ni mimi. Ilifika redioni ikiwa na mtu ambaye jina lake la pili limeandikwa "wa". Mzee mwingine alipewa jina la baba yake kama jina la ubatizo. Mtu akiitwa hivyo mbele ya ghala, atajuaje kama ni yeye? Na asipoitika, gunia linapita.

Nilimfuata kijana aliyeiandaa. Hakuyatenganisha majina kwa mkono. Aliandika mfano mmoja pembeni, kompyuta ikajaza mistari yote iliyobaki.

Uwezo huo umo ndani ya Excel tangu toleo la 2013, na ulitokana na utafiti wa Sumit Gulwani wa Microsoft. Siri yake ni lugha ndogo. Lugha kama Python ni pana. Kupekua ndani yake programu moja inayofaa kungechukua muda mrefu mno. Gulwani alitunga lugha yenye amri chache tu, za kukata na kuunga maandishi. Ukitoa mfano, mashine inatafuta programu za lugha hiyo zinazolingana nao, kisha inachagua iliyo nyepesi. Ni kazi ya akili kubwa, sitaficha.

Lakini mfano wa kijana ulikuwa na jina, jina la pili na jina la ubatizo. Mashine ikaelewa kwamba neno la mwisho ndilo la ubatizo. Wazee wetu je? Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, na wengi waliozaliwa miaka ile hawana hilo la tatu. Tena kuna majina ya Kiluba yenye "wa" katikati. Kwa mashine hiyo, "wa" ni neno kama lingine.

Ukiongeza mfano, programu zisizolingana nao zinatupwa. Tuliongeza jina lenye "wa", na la mzee asiye na jina la ubatizo. Mistari michache ilikataa bado, tukaiandika kwa mkono. Siku hizi kuna hata Copilot, iliyotoka 2021, unayoieleza kazi kwa maneno tu. Usipoitajia "wa", usitegemee ikuulize.

Orodha mpya nitaisoma kesho jioni, majina mazima. Karatasi ya kwanza, ile ya kalamu, nimeomba ibandikwe mlangoni pa ghala. Atakayekuta jina lake limeharibika aje na jirani anayemjua.