Adui wa Paa Yumo Ndani ya Nyumba

Mji wa Boston uko katika jimbo la Massachusetts, pwani ya mashariki ya Marekani. Waingereza waliuanzisha mwaka 1630. Sehemu hizo zina uhusiano wa zamani na Afrika ya Mashariki, kwa kuwa katika karne ya 19 wafanya biashara wa Salem, bandari iliyo jirani na Boston, walikuwa wakija Unguja na merikebu zao kuuza ile nguo imara ya pamba isiyotiwa rangi, ambayo wenyeji waliiita merikani. Siku hizi wasafiri hutoka upande wa pili. Lowell, mji ulio kama maili 25 kutoka Boston, ambao zamani viwanda vyake vya nguo viliendeshwa kwa nguvu za maji ya mto Merrimack, sasa ni makao ya watu wengi waliotoka Kenya.

Mtu atokaye Kenya akifika huko hukuta nyumba nyingi za mbao, nyingine zenye orofa tatu, na mapaa yake yameezekwa kwa vigae vyembamba vya lami. Kuanzia Desemba hata Machi theluji huanguka mara kwa mara ikalala juu ya mapaa hayo. Mgeni ambaye hakupata kuiona theluji ila ile ya Mlima Kenya kwa mbali, huogopa uzito wake. Hofu hiyo ina sababu, maana theluji mpya yenye kimo cha inchi 10 ikiyeyuka hutoa kadiri ya inchi moja ya maji, na maji hayo yana uzito wa ratili 5 hivi kwa kila futi moja ya mraba. Lakini mafundi wa nchi hiyo wanalijua jambo hilo tangu zamani, na boriti zao huwekwa kwa hesabu. Hasara iliyo ya kawaida zaidi huja kwa njia nyingine, nayo huja polepole.

Nyumba za huko hupashwa joto usiku na mchana, kwani bila hivyo watu wasingeweza kukaa, na maji yangeganda ndani ya mabomba. Desturi ya joto ni kupanda. Dari ikiwa na nyufa, joto hupenya likaingia katika ile nafasi iliyo kati ya dari na paa, likalipasha paa kwa chini. Hapo theluji inayogusa vigae huyeyuka, ingawa nje baridi ni kali, na maji yake huteremka kwa siri chini ya theluji mpaka upenuni. Upenu hauna chumba chini yake, kwa hiyo ni wa baridi kama hewa ya nje. Maji yakifika hapo huganda. Siku kwa siku barafu huongezeka ikawa boma ukingoni mwa paa, na maji yanayofuata huzuiwa nyuma yake, yakafanya lambo dogo juu ya nyumba.

Vigae hupangwa kimoja juu ya kingine ili maji yateremke. Havikufanywa kuzuia maji yaliyosimama. Basi maji ya lambo hilo hupanda chini ya vigae, yakapenya mbao, yakashuka ndani ya kuta. Mwenye nyumba huona kwanza doa la rangi ya chai katika dari ya chumba cha kulala. Baadaye rangi hubambuka, mbao huoza, na ukungu huota mahali wanapolala watoto.

Majira ya baridi ya mwaka 2014 hadi 2015 yalilionyesha jambo hilo wazi. Katika kiwanja cha ndege cha Boston ilipimwa theluji ya jumla ya inchi 110.6, kiasi ambacho hakijapata kuandikwa katika mji huo. Zaidi ya inchi 90 zilianguka katika muda wa siku 30 tu. Treni za mji zilisimamishwa, na lundo moja la theluji iliyozolewa barabarani halikwisha kuyeyuka mpaka tarehe 14 Julai. Nyumba nyingi mno ziliingiwa na maji, na wako watu waliopanda ngazi wakiwa na mashoka ili kuivunja barafu.

Njia hiyo ya shoka ni mbaya. Barafu na vigae vimeshikana, hivyo anayepiga kimoja huvunja vyote viwili, na mtu aliye juu ya ngazi yenye barafu anaweza kupoteza maisha yake kwa ajili ya vigae. Wenyeji wenye busara husimama chini, wakatumia reki yenye mpini mrefu kuvuta theluji iliyo karibu na ukingo, kadiri ya futi tatu au nne, mara tu inapoacha kuanguka. Hujihadhari na nyaya za umeme. Kama boma limekwisha kujengeka, wengine hujaza soksi ndefu kwa kalsiamu kloridi, ambayo ni chumvi ya kuyeyushia barafu, wakailaza kukata boma hilo ili ifanye mfereji wa kutoa maji.

Walakini hayo yote ni matibabu ya homa, na ugonjwa wenyewe unabaki. Dawa iko juu ya dari. Fundi mwema huanza kwa kuziba kila tundu lipitishalo joto: pembeni mwa bomba la moshi, penye nyaya na taa, na kwenye mlango mdogo wa kupandia. Kisha hutandika sufi ya kioo au karatasi zilizosagwa, kwa kimo cha zaidi ya futi moja. Mwisho huacha njia ya hewa, iingie upenuni na kutoka kileleni mwa paa, ili paa lote liwe baridi sawasawa. Tena, paa likiezekwa upya, sheria za ujenzi za huko hutaka karatasi nene ya lami yenye kunata iwekwe chini ya vigae, kuanzia ukingoni mpaka ipite ukuta wa nje kwa inchi 24 kuelekea ndani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na huko methali hiyo ni kweli neno kwa neno.

Mgeni aonapo barafu ndefu zenye ncha kama mikuki zikining'inia upenuni, hudhani ni pambo, hata akapiga picha. Mwenyeji huona humo fedha za makaa, mafuta au gesi zikivuja. Nyumba ambayo paa lake hubaki jeupe muda mrefu, kuliko majirani wanaopata jua sawa nayo, ndiyo nyumba inayotunza joto lake. Kwa hiyo mtu anayetaka kununua nyumba huko, asiridhike kuitazama wakati wa jua la Julai. Na aende siku ya pili baada ya theluji kuanguka, asimame ng'ambo ya barabara, ayalinganishe mapaa.