Mti wa Bondeni

9 Machi
Saa nane mchana uani hakukaliki. Mama mkwe kahamisha mkeka tena. Kasema uwanja usio na mti ni kituo cha daladala. Hata vituo siku hizi vina paa, nikajibu moyoni. Kimenichoma kwa sababu ni kweli.

13 Machi
Kila mtu: panda mwarobaini! Wa jirani hapo nje ya ukuta una majani ya njano tangu vuli. Mti wa pakavu ule, mizizi ikikaa majini inaoza. Na kwetu nimechimba hadi magotini tu, maji yakaanza kujikusanya shimoni. Masika hata haijaanza.

Baba Salma anataka mkaratusi, eti utakunywa maji yote. Unywe. Majani yenyewe yananing'inia wima, jua linapenya. Nani atakaa chini yake?

20 Machi
Kwa wauza miche. Nimetoka na kizunguzungu.

Mkungu, mzuri mno, matawi yake ghorofa juu ya ghorofa. Ila hupukutisha majani, na popo wakiujua hamlali. Mkangazi hupenda kando ya mito, lakini hupita mita 40! Uwanja wetu huu? Mkuyu, majini ndiko kwao, na mizizi yake ingekuwa kwenye shimo la choo kabla Salma hajamaliza shule. Mama mkwe hataki hata kuusikia. Pepo.

Mzambarau. Maji yakituama unavumilia, majani mazito mwaka mzima. Moyo umetua hapo. Sijamwambia mtu.

2 Aprili
Mvua usiku kucha. Asubuhi nimevaa mabuti, nimechomeka vijiti kila maji yalipofika. Karibu na jiko pamebaki bwawa. Pembe ya mashariki yamepungua mapema. Basi, pale.

3 Aprili
Nimemwambia mama mkwe. "Zambarau? Na shuka zangu nyeupe?" Tumenuniana hadi magharibi.

7 Aprili
Umepandwa! Tumeinua tuta pana, kimo cha goti, mche juu yake, kijiti cha kuegemea pembeni. Kiriba tumekitoa polepole, udongo haukumomonyoka. Majani sita tu, yanang'aa.

Mama mkwe kauzunguka. "Kivuli hiki nitakikalia mimi au wajukuu?" Baba Salma kaenda kununua turubai, bila kujibu. Kamba ya nguo bado hatujaafikiana. Mimi nasema ihamie upande wa jikoni, mama mkwe anasema mti ndio mgeni.