Mbwa Asiyebweka

Paka ana tabia yake, na mbwa ana tabia yake. Ukimwita mbwa, anakuja. Ukimkaripia, anainama. Paka si hivyo. Paka huja akitaka, huenda akitaka. Hujilamba mwili mzima, tena hapendi mvua. Lakini katika Kongo kuna mbwa wa ukoo wa zamani sana ambaye ana tabia hizi zote mbili. Watoto, sikilizeni habari zake.

Mzee mmoja alikaa kando ya pori kubwa la Ituri. Alilima mihogo na ndizi, na tena alikuwa mwindaji. Alikuwa na mbwa mmoja, jina lake Kimya. Kimya hakuwa mkubwa. Kimo chake kilipita kidogo tu magoti ya mtu. Manyoya yake yalikuwa mafupi, mekundu kama udongo wa njia, lakini kifua, miguu na ncha ya mkia vilikuwa vyeupe. Masikio yake yalisimama. Mkia wake ulijikunja juu ya mgongo kama pete. Paji la uso wake lilikuwa na makunyanzi, hata watu walicheka wakisema: «Huyu anawaza mambo mengi kama mzee wa kijiji.»

Kimya hakubweka. Hakuwa bubu. Aliweza kunguruma na kulia, na akifurahi alitoa sauti ya kupanda na kushuka, kama mtu anayeimba mbali. Kila asubuhi alilamba miguu yake, kisha akapangusa uso kwa mguu kama paka. Hakunuka. Mvua ikinyesha, hakutoka barazani hata kwa mfupa.

Mzee alikuwa na mjukuu aliyesoma shule ya misioni. Pale misioni mtoto aliona mbwa mkubwa wa mapadri. Mbwa yule akiambiwa kukaa, alikaa. Akiambiwa kutoa mguu, alitoa. Mgeni akifika, alibweka kwa nguvu. Mtoto akaona wivu, akasema moyoni: «Mbwa wetu ni mjinga. Nitamfundisha.»

Siku moja, mzee alipokuwa shambani, mtoto alimwita Kimya. Kimya akamtazama, akageuka, akaenda kulala juani. Mtoto akamfunga kwa kamba, akamwambia: «Kaa!» Kimya akaitafuna kamba mpaka ikakatika. Mtoto akakasirika, akachukua fimbo, akampiga. Kimya hakulia. Akaenda zake polepole.

Tangu siku ile Kimya hakula tena katika mkono wa mtoto. Mtoto akipita huku, yeye alipita kule. Mzee aliona, akauliza: «Mjukuu wangu, umempiga mbwa?» Mtoto akajibu: «Hapana, Babu.» Mzee akanyamaza.

Siku ya kuwinda ikafika. Majirani wakakusanyika na nyavu zao. Mzee akampa mjukuu wake kengele ya mti, akasema: «Mfungie Kimya shingoni. Funga vizuri. Mbwa huyu habweki. Pasipo kengele hatutajua alipo.» Mtoto akajaribu, lakini Kimya alijivuta nyuma. Mtoto akafunga fundo moja tu, haraka haraka, akasema: «Nimekwisha, Babu.»

Wakaingia porini, wakatega nyavu. Kimya akatangulia peke yake, wala hakungoja amri. Kengele ikalia ko-ko-ko, mara mbali, mara karibu. Kisha ikanyamaza. Baadaye kidogo mboloko mmoja akatoka mbio, akaingia katika wavu. Watu wakafurahi, lakini Kimya hakuonekana. Mtoto akatafuta. Akaikuta kengele chini, karibu na shina la mti. Fundo limefunguka.

Mvua kubwa ikanyesha. Giza likaingia, wakarudi kijijini. Usiku mtoto hakupata usingizi. Aliwaza mvua, na chui. Mwishowe akamwamsha babu yake, akasema akilia: «Babu, nilikudanganya. Nilimpiga Kimya kwa fimbo. Ndiyo sababu alikataa kengele, nami sikuifunga vizuri.» Mzee akajibu: «Nilijua. Nilikungoja useme mwenyewe. Lala sasa. Kukicha tutamtafuta.»

Kulipopambazuka wakaenda. Wakasikia sauti nyembamba, yenye kupanda na kushuka. Wakamkuta Kimya, mguu wake umenaswa katika mtego wa waya. Mzee alikamata kwa mikono miwili fito iliyouvuta waya, akaiinamisha. Akamwambia mtoto: «Fungua kitanzi.» Mtoto alipokaribia, Kimya akanguruma.

«Usimwite,» akasema mzee. «Usimkamate. Kaa chini, ungoje.» Mtoto akakaa katika matope, akaweka mkono wazi juu ya goti. Wakangoja. Mikono ya mzee ilitetemeka kwa uzito wa fito, lakini hakusema neno. Kimya akanyosha shingo, akanusa mkono ule. Akanusa tena. Akaacha kunguruma. Ndipo mtoto akafungua kitanzi taratibu.

Kimya akasimama, akatangulia akichechemea, wala hakutazama nyuma. Mtoto akasema kwa huzuni: «Babu, hata shukrani hana.» Mzee akajibu: «Amekuacha umguse. Hiyo ndiyo shukrani yake. Mbwa wa mapadri analinda nyumba. Bwana wake yu karibu, basi anangoja amri. Kimya anafanya kazi porini. Mimi simwoni, naye hanioni. Kama angengoja amri yangu, mnyama angekwisha kukimbia. Lazima achague njia mwenyewe. Unataka awe na akili porini, tena asiwe na akili nyumbani? Haiwezekani.»

Mbwa wa ukoo huu wamejulikana hata mbali. Mwaka 1895 wawili walionyeshwa Uingereza, katika maonyesho ya mbwa yanayoitwa Crufts, lakini wakafa kwa ugonjwa. Mwaka 1936 bibi mmoja wa Uingereza, Olivia Burn, alipeleka wengine kutoka Kongo, nao wakaishi na kuzaa. Mwaka 1937 watu walijaa kuwatazama kule Crufts. Kisha wakafika Marekani na nchi nyingine. Mbwa wengi wa kike hupata joto la kuzaa mara mbili kwa mwaka, lakini hawa mara moja tu. Mwaka 1987 na 1988 watu wa Marekani walikuja Kongo, ambayo wakati ule iliitwa Zaire, kutafuta wengine, kwa sababu wale walioko kwao walikuwa wa ukoo mmoja mno, na magonjwa yalizidi kati yao.

Na jina lao huko ni nini? Wanaitwa Basenji. Neno hilo mnalijua. Ni sawa na washenzi, neno ambalo watu wenye kiburi waliwatukana nalo watu wa pori. Lakini leo mtu wa London au Boston akiwa na Basenji, anajivuna. Basi asiyefahamu kitu, hukidharau. Anayekifahamu, hukitafuta kwa gharama nyingi.

Mjukuu wa mzee hakumfundisha tena Kimya kutoa mguu. Kila jioni alimwekea chakula chini, akaondoka bila kumwita. Siku ya kwanza Kimya hakula mpaka mtoto alipokuwa mbali. Siku nyingine alikula mtoto akitazama. Mguu wake ukapona. Jioni moja ya mvua, wakati mtoto alipokuwa akisoma kitabu karibu na moto, Kimya aliingia kimya kimya, akajilamba miguu, akazunguka mara mbili, akalala juu ya miguu ya mtoto. Mtoto hakujitikisa, hata miguu ilipokufa ganzi.

Maulizo

1. Ni tabia gani za Kimya zinazofanana na za paka? Ni zipi zinazofanana na za mbwa?
2. Kwa nini wawindaji humfungia mbwa huyu kengele?
3. Kwa nini kengele ya Kimya ilianguka?
4. Mzee alijua kwamba mjukuu wake alidanganya. Kwa nini alingoja?