Cheo cha Mwalimu Mkuu Si Zawadi



Katika nyumba zetu za wafanyakazi, habari ya ndugu kupandishwa cheo hupokewa kwa vigelegele kabla mwenyewe hajaeleza kazi aliyopewa. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, mdogo wangu alipoteuliwa kuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi kule Kalinzi, kwenye vilima vya kahawa na migomba kaskazini ya mji wa Kigoma. Mama alishangilia, na shangazi akaanza kuhesabu posho. Mteuliwa alikaa kimya. Baadaye akaniambia, "Kaka, nimefundisha darasa la kwanza miaka kumi na miwili. Kumfundisha mtoto kusoma ninakujua. Kuendesha shule sijafundishwa na mtu."

Hebu tuyapime maneno hayo, kwa sababu hayamhusu yeye peke yake. Nchini mwetu tumezoea kumtafuta mwalimu hodari wa darasani na kumtunuku ofisi. Siku hiyo darasa hupoteza mwalimu aliyeiva, na ofisi hupata kiongozi mchanga.

Na ofisi yenyewe ina mambo. Chukua fedha. Serikali ilianza kutekeleza elimu bila malipo. Ilikuwa Januari 2016, kwa hiyo wengi tunaikumbuka vema. Ruzuku ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi, na kati ya hizo shilingi 6,000 zipelekwe katika akaunti ya shule. Shule ya watoto 800 ingepata hivyo shilingi 4,800,000, yaani 400,000 kwa mwezi. Humo zitoke chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na dawa ya choo. Mwalimu mkuu lazima ajue kuandika daftari la fedha na kulisoma mbele ya kamati ya shule, ambayo yeye ni katibu wake, bila kutetemeka.

Kisha kuna wakubwa. Shule ya msingi iko chini ya halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI. Mitaala na uthibiti wa ubora ni kazi ya Wizara ya Elimu. Nidhamu na upandishaji vyeo vya walimu viko mikononi mwa Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoanza kazi mwaka 2016. Mwalimu mkuu anaweza kutakiwa taarifa tatu katika wiki moja, na katika wiki hiyo hiyo msimu wa kuchuma kahawa ukawa umepamba moto, madawati yakabaki matupu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule. Lakini mzazi wa Kalinzi ana mibuni iliyoiva mlimani, na mikono nyumbani ni michache. Kiongozi anayeijua sheria tu atamtisha mzazi huyo, ambaye kesho atamficha mtoto. Kiongozi anayewajua watu atakwenda kuzungumza na wazee mapema, kabla kahawa haijawiva.

Msomaji, ujuzi huo haushuki kama mvua. Hufundishwa. Taifa liliona hivyo zamani. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililoharakisha elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, shule ziliongezeka upesi kuliko viongozi wake. Ndipo mwaka 1979 kikaanzishwa chuo cha uongozi wa elimu Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2001 ni Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM. Hapo mwalimu husomea utawala wa shule, fedha, mipango na usimamizi wa watu. Lakini toka Kalinzi mpaka Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1,000, na wengi hukabidhiwa funguo kwanza, mafunzo yakafuata baadaye, au yasifuate kabisa. Hatumpi mtu usukani wa boti ziwani Tanganyika ndipo tumfundishe kuendesha mawimbi yakiwa yameanza.

Wako watakaosema kwamba walimu wetu wa zamani waliongoza bila vyeti vya uongozi na shule zikasimama. Ni kweli, na heshima yao haipungui. Ila wengi wao walikaa miaka chini ya mwalimu mkuu mzoefu, wakashika zamu, wakasimamia shamba la shule na stoo, wakajifunza kwa kuona. Hayo nayo ni mafunzo. Basi, pale ambapo chuo kiko mbali, msaidizi na apewe kazi halisi mapema: daftari la fedha alishike, kikao cha wazazi akiongoze, akosolewe angali na mtu wa kumwegemea.

Mdogo wangu aliupokea uteuzi. Aliomba nafasi ya mafunzo, na akajiwekea sharti moja: kila asubuhi kipindi cha kusoma cha darasa la kwanza atakifundisha mwenyewe, huku mwalimu kijana akiketi nyuma akimtazama. Anasema mwalimu mkuu asiyeingia darasani huanza kuongoza makaratasi.

Nasi jamaa zake tuna sehemu yetu. Ndugu yako akipewa shule, usimwulize kwanza posho ni kiasi gani. Muulize ni nani atakayemfundisha kazi hiyo, na ni nani atakayeshika darasa analoliacha. Na wewe mzazi, mwalimu mkuu akiitisha kikao cha kusoma hesabu za shule, nenda ukakae, usikilize, uulize. Cheo ni dhamana, na dhamana isiyo na mtu wa kuidai huoza mikononi mwa aliyeishika.