Kamera mbili katika mtaa wa Migosi

Mchagua jembe si mkulima, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakutuambia afanye nini yule aliyedunduiza mwaka mzima kupata pesa za jembe moja tu, na akikosea hana za kununulia jingine.

Huyo, msomaji mpendwa, ni mpwa wangu wa Migosi, Kisumu. Ni binti wa miaka 22 anayesuka nywele kibarazani kwa nyanya yake, na ambaye ametia nia ya kuwa mpigapicha wa harusi, mazishi na sherehe za watoto. "Mjomba," aliniambia kwa simu, "pesa zimefika. Njoo uniambie ninunue ipi kabla sijazila."

Basi Jumamosi moja niliabiri gari kutoka Nairobi nikiwa na kamera mbili mkobani. Moja ni yangu, Fujifilm X-E3, ambayo ilitoka mwaka wa 2017. Ya pili niliazima kwa rafiki, nayo ni Sony a6000 ya mwaka wa 2014. Zote mbili zimekwisha kupitwa na matoleo mapya, na hiyo ndiyo sababu mtu anaweza kuzipata zikiwa zimetumika, kwa bei ambayo msusi anaweza kuifikiria bila kupata kizunguzungu.

Ukitoka katikati ya mji wa Kisumu kwa tuktuk, unaifuata barabara ya Kakamega na kuipita hospitali kuu ya Jaramogi Oginga Odinga. Wenyeji wengi bado huiita "Russia", kwa vile ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti miaka ya 1960. Unafika Kondele penye daraja la juu na makelele ya makanga, kisha unaingia Migosi. Hapo kelele hupungua. Utaona nyumba za mawe zenye malango ya chuma, ploti za vyumba vilivyopangana chini ya mabati, vinyozi, vibanda vya mboga, na watoto wanaocheza mpira wakijua ni gari la nani linalokuja hata kabla halijakata kona. Mgeni hujulikana mara moja. Mgeni mwenye kamera hujulikana mara mbili.

Mama alitupa chai, na mpwa wangu akaziweka kamera mezani ubavu kwa ubavu. "Mbona zinafanana?" akauliza.

Zinafanana kwa sababu zimerithi umbo moja. Zamani, kabla ya kamera kubwa zenye kioo ndani na nundu juu kutawala, waandishi wengi wa habari walitumia kamera bapa zilizokuwa na kidirisha cha kuchungulia pembeni. Leica II ya mwaka wa 1932 na Leica M3 ya mwaka wa 1954 ni za ukoo huo. Mpigaji alikuwa akiona vivuli viwili vya mtu mmoja, na alipovikutanisha vikawa kimoja, ndipo umbali ulipokuwa umepimwa barabara. Kamera hizi za leo hazina kioo wala kipimo kile cha vivuli, kwani zinajipimia zenyewe kwa umeme. Zilichorithi ni umbo: bapa, nyepesi, na kidirisha kwenye kona ya juu kushoto.

Na ndani pia hazipishani sana. Kila moja ina megapikseli 24, na sehemu inayopokea mwanga ina ukubwa ule ule. Kila moja ina uzito wa chini kidogo ya gramu 350 bila lenzi. Betri ya kila moja hutoa takriban picha 350 kwa kipimo cha watengenezaji. Kwa mtu anayetaka kupiga picha za mazishi, ambayo kwetu huanza asubuhi na kumalizika jua likizama, maana yake ni kwamba betri ya pili si anasa.

Tofauti tulizipata njiani.

Tulitoka saa kumi alasiri, jua likiwa bado kali. Kinyozi mmoja alikubali kupigwa picha akiwa amesimama mbele ya kibanda chake cha mabati mapya. Picha ya kwanza ilitoka na mabati mazuri na kinyozi mweusi tii asiye na macho. Kosa lilikuwa langu. Kamera yoyote ikiona mng'aro mwingi hupunguza mwanga, na ngozi yetu ndiyo inayolipa. Dawa ni kuiongezea mwanga kwa mkono. Kwenye Fujifilm nilisukuma kwa kidole gumba gurudumu lililo juu ya kamera, nikaongeza hatua moja, na uso ukarudi. Kwenye Sony kazi hiyo pia inawezekana, lakini haina gurudumu maalumu la kazi hiyo. Unabonyeza kitufe cha nyuma, kisha unazungusha. Ni sekunde chache tu zaidi. Kinyozi atakungoja, lakini mtoto anayekimbia hatangoja.

Mbele kidogo palikuwa na mama akikaanga samaki. Nilipoinua kamera akaniangalia na kusema, "Kwanza nunua samaki." Mpwa wangu akacheka, akamwamkia, akaomba ruhusa kwa Kiluo, na akanunua ngege mmoja. Ndipo akapiga. Kuuliza si ujinga, na siku hizi pia ni sheria. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mtu kabla picha yake kutumiwa kwa biashara. Mwaka wa 2023 klabu moja ya Nairobi iliamriwa kulipa zaidi ya shilingi milioni 1.8 kwa kutumia picha ya mteja bila idhini yake. Atakayeishi kwa kamera na ajue hilo mapema.

Jua la Kisumu halina maringo. Tuko karibu kabisa na ikweta, na likishazama ng'ambo ya ziwa, dakika ishirini hivi zinatosha kuingiza giza. Hapo lenzi zikaanza kusema. Fujifilm yangu ina lenzi isiyovuta, ya milimita 23, yenye tundu la f/2. Sony ilikuja na lenzi ndogo inayovuta, ya milimita 16 hadi 50, ambayo kwa upana wake mkubwa hufungua hadi f/3.5. Kwa hesabu, lenzi ya kwanza hupokea mwanga karibu mara tatu ya ile ya pili. Karai la samaki, moshi na uso wa yule mama chini ya balbu moja vilitoka safi kwenye Fujifilm. Kwenye Sony picha ilijaa chengachenga. Nikadhani mashindano yamekwisha.

La hasha. Saa mbili usiku jirani alikuwa na sherehe ya kuzaliwa ya mwanawe. Sebule ilikuwa ndogo, watoto kumi na watano, keki moja. Lenzi yangu isiyovuta ilinitaka nirudi nyuma, na nyuma palikuwa na kabati la vyombo. Mpwa wangu alikuwa na Sony. Aliifungua lenzi kwa upana wake wote, akapata chumba kizima, kisha akavuta uso wa mtoto pasipo kuhama. Kamera hiyo hupiga hadi picha 11 kwa sekunde, na katika 11 hizo kulikuwa na moja ambapo mshumaa unazimika na mashavu bado yamejaa. Tena Sony ina flashi yake ndani. Nilimwonyesha jinsi ya kuiinamisha nyuma kwa kidole ili mwanga ugonge dari nyeupe na kushuka taratibu, badala ya kuwapiga watoto usoni wakang'aa kama waliopakwa mafuta. Fujifilm haina flashi ndani. Huja na kijitaa cha kuchomeka, na changu nilikiacha Nairobi.

Jumapili asubuhi ilibaki kazi moja. Marehemu baba alituachia picha moja tu aliyopiga studio, amesimama wima, mkono kwenye kiti, kama mtu anayesubiri hukumu. Mama aliapa kwamba yeye hatawekwa ukutani hivyo. "Picha yangu ya siku ile," alisema, nasi sote tukajua ni siku gani, "nataka niichague mwenyewe nikiwa hai."

Nilimpiga mimi kwa kamera zote mbili. Kila mara alikaza uso. Kisha mjukuu wake akaichukua Fujifilm, akakaa kwenye kigoda mbele yake, akaweka jicho la kulia kwenye kidirisha na kuendelea kumsimulia habari za kinyozi. Na hapa ndipo nilipoelewa faida ya lile umbo la zamani. Kidirisha kikiwa kwenye kona ya kushoto, kamera hufunika nusu tu ya uso wa mpigaji. Jicho la kushoto hubaki wazi. Mama hakuwa akiiangalia kamera. Alikuwa akimwangalia mjukuu wake. (Anayechungulia kwa jicho la kushoto hukosa faida hiyo, kwani kamera humfunika uso wote.)

Akachagua picha hiyo. Ana tabasamu la nusu, na kikombe cha chai mkononi.

"Basi ni Fujifilm," nikasema.

"Hapana, mjomba," akajibu mpwa wangu. "Dana ameketi kwenye kiti chake mchana. Watu watakaonilipa wako kwenye sebule usiku, na watoto wao hawakai. Kile kidirisha hata Sony inacho, pahali pale pale."

Sikuwa na jibu. Kwa anayetembea polepole, anayependa rangi na gurudumu la kuzungusha kwa mkono, anayeweza kusogea karibu na mtu kwa miguu yake, Fujifilm ni mwenzi mwema. Kwa anayetaka kurudisha pesa zake kabla ya Desemba, Sony na lenzi yake inayovuta ina hoja nzito zaidi, na baadaye aiongezee lenzi moja yenye tundu kubwa kwa ajili ya karai za samaki.

Alizihesabu pesa tena mbele ya nyanya yake, akazifunga ndani ya leso. Nami niliporudi Nairobi nilipiga picha za Migosi kwenye karatasi nzuri na kuzituma kwa basi: ya kinyozi, ya mama wa samaki, ya mshumaa. Ile ya Mama ilikuwa ya kwanza. Sijui kama ameshaitundika. Nasikia ameiweka kabatini, na huwatolea wageni wamemaliza chai.