Chumvi ya Tangi la Kioo na Mali ya Yatima



Wazee wawili wa wanafunzi wangu wameniuliza, kila mmoja kwa wakati wake, imekuwaje mwalimu wa chuo cha Qur'ani awe na tangi la kioo lenye matumbawe hai nyumbani kwake, nalo kila wiki latiwa chumvi ya kununua na maji ya kuchujwa. Mmoja aliuliza kwa kutaka kujua. Wa pili aliuliza kwa kulaumu, akidhani ni israfu. Wote wawili wanastahili jawabu, na kwa kuwa hapa London vijana wetu wengi wanavutwa na pambo hili, naona kheri niliandike jawabu mahali ambapo wengi watalisoma.

Kwanza, tangi lile si langu. Ni la watoto wa marehemu ndugu yangu, aliyefariki mwaka 2021, akaacha mvulana ambaye sasa ana miaka 12 na binti wa miaka 9. Nyumba ya mama yao ni ndogo, kwa hivyo tangi likahamia kwangu, nao huja kila siku baada ya chuo kulitazama. Jamaa walishauri liuzwe. Mvulana alikubali viuzwe vyote vya baba yake, gari na vyombo vya kazi, lakini tangi alilikataa kwa machozi, na mama yake akamuunga mkono. Gharama za kulitunza hutoka katika akiba aliyowaachia baba yao, na msimamizi wa akiba hiyo ni mimi. Basi kila pauni niitoayo naiandika, na kila chupa niambiwayo ninunue naiuliza mara mbili. Mwenye kutumia fedha yake mwenyewe aweza kununua kwa kujaribu. Mwenye kutumia mali ya yatima hana ruhusa hiyo.

Mimi nimesoma chuoni, kisha darasa la saba huko Unguja, basi. Elimu ya kemia sikuipata. Lakini marehemu aliacha daftari ambalo kwa miaka minne aliandika kila Jumamosi hali ya maji, na mvulana hunisomea yale ya Kiingereza. Daftari hilo ndilo mwalimu wangu katika jambo hili.

Tangi ni la lita 60 kwa hesabu ya dukani. Ukitoa nafasi iliyoshikwa na mawe na mchanga, maji yenyewe ni kama lita 50, na hesabu zote za dawa hufanywa kwa hizo 50. Ndani yake mna samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, matumbawe laini ya namna tatu, na tumbawe gumu moja lenye vichwa vitatu na mikono mirefu inayopepea. Hilo gumu ndilo lililoleta khabari yote hii.

Jambo la kwanza ni maji matamu, kabla hata ya chumvi. Maji ya bomba ya London yanywewa bila khofu, lakini kwa matumbawe hayafai. Kampuni za maji huyatia fosfeti kwa makusudi, ili risasi ya mabomba ya zamani isiyeyuke. Na sheria ya Uingereza yaruhusu naitreti hadi miligramu 50 katika lita moja. Kwa binadamu hapana dhara. Kwa tangi, vitu hivyo viwili ni mbolea ya mwani, na fosfeti ikizidi huzuia tumbawe gumu kujenga jiwe lake. Mama watoto alidhani kuchemsha kutatosha. Kuchemsha huondoa mvuke tu, na vilivyomo hubaki katika maji yaliyopungua, vikiwa vizito zaidi kuliko mwanzo. Ndiyo sababu ya chujio la osmosisi, ambalo husukuma maji yapite katika utando mwembamba mno na kuacha nyuma karibu kila kilichoyeyuka. Marehemu alilinunua zamani, nasi twabadilisha vichujio vyake kwa wakati.

Sasa chumvi. Binamu yangu aliyekuja kututembelea kutoka Bagamoyo alicheka alipoona ndoo. Akaniambia, "Kaka, kwetu chumvi ya bahari twaianika juani ikajaa magunia. Wewe wanunua kopo kwa bei ya mbuzi?" Swali lake lilikuwa la haki, na jawabu lake lafaa kila kijana alijue. Maji ya bahari yakianikwa katika mashamba ya chumvi, vilivyomo havigandi pamoja. Kwanza huganda chokaa, kisha jasi, ndipo ifuate chumvi ya kula. Na magnesiamu hubaki katika yale maji machungu ya mwisho ambayo wenye shamba huyamwaga. Kwa hivyo gunia lile ni sehemu moja tu ya bahari. Chungu cha mchuzi hakitaki zaidi ya hiyo, lakini tumbawe lataka na zile zilizotangulia na ile iliyomwagwa.

Na hapa kuna jambo la kustaajabisha. Merikebu ya Kiingereza iitwayo Challenger ilizunguka bahari za dunia tangu mwaka 1872 hata 1876, ikichota maji kila ilikopita. Mwanakemia William Dittmar alipima sampuli 77 za maji hayo, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1884. Aliona ya kuwa bahari moja yaweza kuzidi nyingine kwa ukali wa chumvi, lakini uwiano wa zile chumvi kubwa baina yao karibu haubadiliki popote. Kama si hivyo, hapangekuwa na chumvi ya kopo: kila tumbawe lingetaka maji ya kwao. Kwa kuwa ni hivyo, mtu wa London aweza kuchanganya chumvi na maji ya chujio akapata kitu ambacho tumbawe la Mnemba halitakikataa.

Maduka yana chumvi za namna nyingi. Iko Instant Ocean ya Marekani, iliyouzwa tangu miaka ya 1960, na ndugu yake Reef Crystals, iliyoongezewa kalsiamu na alikali. Iko Tropic Marin ya Ujerumani, nayo ina namna zake. Vijana hubishana juu ya majina haya kama wabishanavyo juu ya timu za mpira. Mimi naona ubishi huo wapoteza wakati. Zote zilizotengenezwa kwa uaminifu zatoa maji ya bahari. Tofauti iliyo na maana ni kiasi cha alikali, yaani akiba ya kabonati ambayo tumbawe huitumia pamoja na kalsiamu kujengea jiwe. Hupimwa kwa digrii za Kijerumani. Bahari ya kweli ina kama digrii 7. Baadhi ya chumvi zikichanganywa hutoa 7 au 8, nyingine 11 na zaidi. Mwenye tangi lililojaa matumbawe magumu yanayokula sana hufaidika na ile kali. Mwenye tangi dogo kama letu, ambalo daftari laonyesha lilishikwa katika 8 kwa miaka minne, atafute chumvi itoayo 8 akae nayo. Ukibadilisha sehemu moja ya kumi ya maji, tofauti haitadhuru sana. Ukibadilisha nusu ya maji kwa chumvi ya digrii 12, viumbe wale watashtuka, na tumbawe gumu ndilo hushtuka kwanza.

Kuchanganya kwenyewe si kugumu. Kila Ijumaa usiku twatia lita 6 za maji ya chujio katika ndoo, kisha chumvi kama gramu 220 kidogo kidogo, huku pampu ikizungusha. Chumvi hufuata maji. Ukiweka chumvi kwanza ukaimwagia maji, palipo na ukali mwingi chokaa huganda ikawa unga mweupe usioyeyuka tena. Maji huachwa mpaka asubuhi yapate joto la tangi, kisha hupimwa kwa refraktomita: 35 katika elfu, wala si kwa kuonja. Na maji yapunguayo tangini kwa mvuke hurudishiwa maji matamu matupu, kwa sababu chumvi haipai. Katika tangi dogo hilo ni jambo la kila siku. Binti ndiye mwenye kazi hiyo, na ametia alama ya wino kwenye kioo asipitishe. Kopo la kilo 10 latupa kama lita 270, yaani wiki 45. Gharama hiyo naiona ya haki, wala siioni israfu.

Nyongeza za chupa ndizo zilizonipa mashaka.

Mwaka jana lile tumbawe gumu lilianza kujikunja. Nyama yake ilijivuta ikaacha ukingo wa jiwe wazi, na mikono ikafupika. Mvulana alinijia akiwa amenyamaza, akanishika mkono akanipeleka tangini bila kusema neno. Alikuwa na miaka 11. Tulikwenda dukani, naye mwenye duka, bila kuuliza kipimo hata kimoja, akatupangia chupa tano juu ya meza: strontiamu, iodini, madini madogo madogo, amino asidi, na chakula cha matumbawe. Jumla ilipita pauni 60. Mtoto alinitazama usoni. Wasomaji wenye watoto mwaijua tazamo ile; yasema, ukikataa hapa, umemuua mwenyewe. Nilimwambia, "Mwanangu, kwanza tutapima. Kama kipimo kitasema tununue, nitanunua leo leo." Akasema, "Ami, na kama kikichelewa?" Sikuwa na jawabu la kumpa ila kushika njia ya nyumbani haraka.

Tulipima usiku ule. Magnesiamu 1290, haina neno. Kalsiamu 405, na daftari lasema ilikuwa 420. Tofauti ambayo peke yake isingemshtua mtu. Lakini alikali ilikuwa 5.9. Tukarudi nyuma katika vipimo vya Jumamosi zilizopita, ambavyo mvulana aliviandika kwa mkono wake: 8, kisha 7.4, kisha 6.6. Ilikuwa yateremka ngazi. Tumbawe lilikuwa limekua, na ule mwani mgumu wa rangi ya zambarau umefunika mawe, na vyote viwili vyala kutoka chungu kimoja. Maji mapya ya lita 6 hayakutosha tena.

Na hapa iko hesabu ambayo namtaka kila kijana aishike. Tumbawe likijenga jiwe, kila linapotumia digrii 2.8 za alikali, hutumia miligramu 20 tu za kalsiamu katika kila lita. Digrii 2.8 ni theluthi ya akiba ya alikali. Miligramu 20 katika 420 ni kidogo mno. Kwa hivyo alikali hulia njaa zamani kabla kalsiamu haijaonyesha dalili. Mwenye fedha ya kipimo kimoja tu anunue cha alikali.

Dawa haikuwa katika zile chupa tano. Ilikuwa sodium bikaboneti safi, ile soda ya unga itiwayo katika maandazi, isiyochanganywa na kitu kingine. Kwa lita 50, gramu moja na nusu huinua digrii moja. Tuliinua nusu digrii kwa siku, kwa siku nne, tukiiyeyusha kwanza katika glasi ya maji ya chujio. Jumla gramu 3. Bei yake sikuiandika katika hesabu ya mayatima kwa kuwa kopo lilikuwa tayari jikoni.

Sitawaficha kwamba kichwa kimoja kati ya vile vitatu kilikufa. Viwili vilifungua mikono baada ya wiki chache, na baada ya miezi miwili nyama ikafunika ukingo. Mvulana alikikata kile kilichokufa, akaliweka jiwe lake jeupe dirishani.

Sisemi kwamba strontiamu na iodini ni uongo. Zimo baharini, strontiamu kama miligramu 8 katika lita, na iodini chini ya sehemu moja ya kumi ya miligramu. Lakini chumvi nzuri huzileta kila wiki, na iodini ikizidi ni sumu. Usitie tangini kitu ambacho huna kipimo chake. Chakula cha matumbawe nacho, katika tangi dogo lenye samaki wa kulishwa, mara nyingi huoza kikageuka fosfeti ile ile tuliyoikimbia kwa chujio.

Kwa haja ya kila siku sasa twatumia maji ya chokaa. Wazee wa Unguja mtatabasamu. Chokaa iliyojenga nyumba za mji wetu ilitoka katika matumbawe yaliyochomwa tanurini, na chokaa hiyo hiyo, iliyo safi ya daraja la chakula wala si ya mafundi wa nyumba, ikiyeyushwa katika maji ya chujio hurudisha kalsiamu na alikali pamoja, kwa uwiano ule ule tumbawe litumiao. Tangi letu lahitaji kama vijiko vitatu vya chakula kwa siku, tone kwa tone usiku, maana maji hayo ni makali sana na yakimwagwa kwa mkupuo huua. Yaunguza jicho pia. Chupa yake naifungia kabatini, na binti haruhusiwi kuigusa.

Alikali imesimama katika 8 tangu mwezi wa Mfungo Sita. Mvulana sasa ataka tumbawe gumu la pili, kipande kilichooteshwa matangini wala hakikung'olewa baharini. Nimemwambia aniletee vipimo vya wiki sita mfululizo, na hesabu ya chokaa itakayoongezeka, ndipo tumwombe mama yake ruhusa. Ameleta vya wiki nne.