Kabla Fundi Hajapanda Juu ya Manjanja

Wenzetu wa kikundi, na ninyi wa mashirika mnaotusoma, wiki hii tunaandika juu ya nyumba. Tuko Kabezi, kwenye barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Rumonge, na asubuhi mawingu yakifunguka tunaona milima ya kwetu ng'ambo ya ziwa. Tuko saba katika nyumba ya kupanga, matofali mabichi, manjanja juu. Tumepata plake ya jua ya wati 50. Fundi anakuja Jumamosi.

Ajabu ya hapa ni kwamba umeme hauko mbali. Mtambo wa maji wa Mugere ni jirani yetu, unafanya kazi tangu miaka ya 1980, na waya za Regideso zinapita barabarani. Ila kutoka barabarani mpaka kwetu ni nguzo kadhaa, na nguzo si bure. Hatulii kama wakimbizi: Burundi nzima ni kama mtu mmoja kati ya kumi tu mwenye umeme nyumbani. Majirani nao wanapika kwa mwanga wa tochi.

Kilichotusukuma ni simu. Februari 2025, watu walipokuwa wanavuka Rusizi kwa maelfu, shangazi wa mmoja wetu alikaa Gatumba siku mbili akipiga namba zetu zote. Simu zilikuwa kwa mtu wa chaji, kwenye foleni, zimezimwa.

Kazi ya kwanza haikuwa juu ya paa, ilikuwa barazani kwa mwenye nyumba. Mzee aliogopa matundu kwenye manjanja, akaogopa na moto. Halafu akauliza: «Mtakaa mpaka lini?» Swali hilo mnalijua. Tulimjibu kweli, kwamba hatujui. Akanyamaza kidogo, akasema basi tuandike. Tukaandika: plake na batri ni vyetu, siku ya kuhama tunavishusha, kila tundu tunaliziba, na kodi haipandi mwaka huu kwa sababu ya taa. Yeye akaomba ampule moja kwa mama yake mzee anayelala chumba cha nyuma. Nyumbakumi akatia sahihi kama shahidi. Ninyi mnaogawa plake huwa mnatuuliza jina, umri, na tuko wangapi. Ulizeni pia nyumba ni ya nani, maana plake bila karatasi hiyo inaweza kubaki kwa mwenye nyumba siku tunapofukuzwa.

Ndipo tukapanda. Miti ya paa ni mikaratusi, na mchwa wa huku hawana huruma. Tulichoma kila mti kwa ncha ya kisu. Pale kisu kilipozama kama kwenye muhogo uliochemka, mti ulibadilishwa. Miwili imebadilishwa. Plake yenyewe ni nyepesi, kilo nne hivi, mtoto anaibeba. Adui ni upepo wa ziwa, unaoingia chini yake na kuinyanyua. Kwa hiyo skrubu zishike mti, si bati peke yake, na kila skrubu ivae mpira ili mvua isipite. Kati ya plake na bati tunaacha nafasi ya kiganja, hewa ipite, kwa sababu plake ikipata joto sana inatoa umeme kidogo.

Sisi tuko kusini ya Ikweta, basi plake inatazama kaskazini, imeinama kidogo tu ili mvua iioshe vumbi. Upande huo kuna mwembe wa jirani. Kivuli cha tawi moja kwenye kona kinaweza kudhoofisha plake nzima, kwa kuwa vipande vyake vimefungwa kama mnyororo. Wengine walisema tuombe tawi likatwe. Hapana. Watoto wake wanakula embe hizo, na sisi ni wageni, hatuwezi kuanza na panga. Tulifuata kivuli saa tatu, saa sita na saa tisa, tukaihamisha plake ncha nyingine ya paa. Waya imerefuka mita tatu, basi tumenunua nene zaidi.

Hesabu ni hii. Ampule nne za wati 5, saa tano kila usiku, ni 100. Simu nne, kama 60. Redio, 20. Jumla 180, na plake ya wati 50 siku ya jua zuri inatoa kama 200. Imebaki kidogo kwa siku za mawingu, na mwezi wa nne mawingu hayakosi. Pasi hakuna. Televisheni ya mdogo wetu tumeikataa, amenuna siku mbili.

Batri inakaa kwenye ubao ukutani, juu ya pale maji yalipofika masika iliyopita, na si chumba cha kulala, juu ya gesi yake. Fundi ameshatuambia: batri ifungwe kwanza kwenye kisanduku cha kuongoza chaji, plake baadaye, kufungua ni kinyume. Na fyuzi tusisahau.

Ilibaki ampule ya nne tu. Moja ni ya bibi, moja ya meza ya kusomea, moja ya jikoni. Wavulana walitaka ya nne iwe uani, wakae nje wacheze karata. Wasichana wakasema njia ya choo, na wakaeleza kwa nini hawanywi maji baada ya saa kumi na mbili jioni. Hakuna aliyebisha tena. Jioni hii tunachimba shimo la nguzo kando ya choo.